Kupata daktari wa miguu anayepokea Medicaid au Medicare

Kila Jumapili ibada ikiisha, sifiki kwenye gari bila kushikwa mkono. "Dada, mama ana kidonda kwenye kidole cha mguu, kadi ya Medicaid anayo, tumpeleke wapi?" Wiki inayofuata ni mzee mwenye kisukari ambaye kucha zake zimekuwa nene hadi zinatoboa soksi. Kisha kijana wa ghalani, masaa kumi amesimama juu ya sakafu ya saruji, ukucha wa dole gumba umezama nyamani. Nimejibu kwa mdomo, nimejibu kwa sauti za WhatsApp, na maswali bado ni yale yale. Sasa naandika mara moja, atakayeuliza nimtumie.

Mwongozo huu ni wa sisi tulio Marekani ambao bima yetu ni ya serikali. Daktari unayemtafuta huku anaitwa podiatrist (tamka po-dai-a-trist), na nyuma ya jina lake utaona herufi DPM. Hana MD (herufi za daktari wa kawaida), lakini usimdharau. Amesoma chuo cha udaktari wa miguu miaka minne baada ya digrii ya kwanza, kisha akafanya mafunzo ya hospitalini, kwa kawaida miaka mitatu. Anapasua, anaandika dawa, anaagiza eksirei. Eneo lake ni kuanzia kifundo cha mguu kushuka.

Kwanza, neno "mguu" litakuponza

Kiswahili chetu kinasema mguu kuanzia nyongani hadi ncha ya kidole. Kiingereza kimeukata mara mbili: juu ya kifundo ni leg, chini yake ni foot. Nilimsindikiza mama mmoja ambaye kwa wiki sita alikuwa akipelekwa kwa watu wa magoti. Kila mara alisema "mguu unaniuma", mkalimani wa simu akatafsiri leg, daktari akaagiza picha ya goti, picha ikatoka safi. Siku niliyokuwepo nilimwambia, "Mama, onyesha kwa kidole." Akainama, akavua kiatu, akabonyeza kisigino. Wiki sita zimepotea kwa neno moja.

Kwa hiyo ukipiga simu au ukiwa mbele ya daktari, usiseme mguu peke yake. Sema kisigino, wayo, kidole gani cha mguu, kifundo, ukucha. Na useme kulia au kushoto. Ukiwa na sugu, sema sugu na mahali ilipo. Magaga nayo ni magaga, hayahusiani na kidonda mpaka yakipasuka na kutoa damu. Ukiwa na ganzi, eleza inafika wapi: vidoleni tu, au imepanda hadi kwenye kifundo?

Mahali ambapo hutafuti daktari, unakimbia

Yafuatayo hayasubiri miadi. Nenda emergency leo hii:

- kidonda kinachonuka, kinachotoa usaha, au kilichogeuka cheusi;
- uvimbe au rangi inayopanda kutoka kidoleni kuelekea juu, pamoja na homa au kutetemeka;
- mguu uliopoa ghafla, ukapauka, ukauma sana;
- kwa mwenye kisukari: wayo uliovimba na kuwa wa moto, hata kama hauumi. Mifupa inaweza kuwa inavunjika ndani kwa ndani, na kwa sababu ya ganzi mtu anaendelea kuutembelea.

Karatasi za huku zinasema tazama wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu haujitokezi vile. Utaona sehemu imekolea rangi, imekuwa ya zambarau, au inang'aa. Weka mgongo wa mkono wako kwenye nyayo zote mbili na ulinganishe joto.

Usiogope kwamba bima imeisha. Tangu sheria ya mwaka 1986, hospitali yenye emergency inayopokea Medicare (yaani karibu zote) lazima ikupime na kukutuliza hali, uwe na bima au usiwe nayo. Bili mtagombana baadaye.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kushika simu

- Kadi zote za bima, mbele na nyuma. Watu wengi wana mbili au tatu na hawajui ipi inafanya kazi.
- Jina la daktari wako wa kawaida na tarehe uliyomwona mara ya mwisho. Kwa mwenye kisukari tarehe hii ina uzito, nitaeleza.
- Orodha ya dawa. Au weka chupa zote kwenye mfuko wa plastiki uende nazo, nani atakucheka?
- Picha ya mahali panapouma, iliyopigwa kwenye mwanga wa dirisha.
- Daftari. Kila unayeongea naye andika jina lake, tarehe, na namba ya kumbukumbu ya simu hiyo. Daftari hili ndilo litakalokuokoa bili ikija.

Simu za Jumatatu asubuhi zinajaa. Mimi hupiga Jumanne au Jumatano.

Hatua

1. Jua bima yako ni ipi hasa.

Medicaid ni ya watu wa kipato kidogo, na kila jimbo linaiendesha kwa namna yake. Jina pia linabadilika: California ni Medi-Cal, Tennessee ni TennCare, Maine ni MaineCare, Massachusetts ni MassHealth, Minnesota na Pennsylvania ni Medical Assistance, Arizona ni AHCCCS. Mtu akihama Portland kwenda Phoenix anadhani amepoteza bima kwa sababu jina halionekani tena. Kweli ameipoteza, lakini sababu ni nyingine: Medicaid haihami na mtu. Ukibadilisha jimbo unaomba upya.

Majimbo mengi yamewapa kampuni binafsi kazi ya kuendesha Medicaid. Ndiyo maana kadi yako inaweza kusomeka Molina, au UnitedHealthcare Community Plan, au Aetna Better Health. Bado ni Medicaid. Lakini kuanzia hapo swali lako linabadilika: usiulize nani anapokea Medicaid, uliza nani yuko kwenye mtandao (network) wa kampuni hiyo, yaani madaktari wenye mkataba nayo.

Medicare ni ya serikali kuu: wenye miaka 65 na zaidi, na walemavu ambao wamepokea malipo ya ulemavu ya Social Security kwa miezi 24. Kadi yake ni ya karatasi, nyekundu, nyeupe na buluu. Kama mzee alishawishiwa na mtu wa mauzo akachukua Medicare Advantage (Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi), basi anatumia kadi ya kampuni na mtandao wa kampuni, na ile ya rangi tatu inakaa nyumbani.

Hakikisha bima iko hai. Pindua kadi, piga namba ya huduma kwa wanachama, uliza. Medicaid inakaguliwa upya, kwa wengi kila mwaka, na barua ya ukaguzi huo ndiyo ile bahasha ambayo mama ameiweka juu ya friji bila kuifungua.

Na kuna jambo jipya ambalo wakimbizi walisikie vizuri. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imebana Medicaid: kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, fedha za serikali kuu hazimlipii tena mkimbizi au aliyepewa hifadhi (asylum) ambaye bado hana green card. Mkimbizi anatakiwa kuomba green card baada ya kukaa mwaka mmoja. Kama karatasi zako zimelala kabatini, ziamshe leo, kabla hata ya kumalizia kusoma hapa.

2. Jua inalipia nini.

Medicaid: kwa mtu mzima, serikali kuu haiyalazimishi majimbo kulipia daktari wa miguu. Mengine yanalipa, mengine yanalipa kwa masharti, kwa hiyo uliza kampuni yako: "Mtu mzima analipiwa daktari wa miguu? Kwa matatizo gani? Mara ngapi kwa mwaka?" Mtoto au kijana aliye chini ya miaka 21 ana nguvu zaidi. Kikihitajika kitabibu, Medicaid inatakiwa kulipia.

Medicare inahitaji subira kidogo, maana hapa ndipo wazee wengi wanapopata bili za ghafla. Sehemu B (Part B, ile ya malipo ya madaktari) inalipia matibabu ya mguu wenye jeraha au ugonjwa: vidole vilivyojikunja kama nyundo, kinundu cha pembeni mwa dole gumba, mfupa uliochomoza kisiginoni. Hailipii matunzo ya kawaida: kukata kucha, kukwangua sugu, kusafisha. Mzee anaenda kukatwa kucha akiamini ni bure, anarudi na bili.

Ila ukiwa na ugonjwa wa mwili mzima ulioharibu mishipa ya damu au ya fahamu miguuni, kisukari kikiwa cha kwanza, hata kukata kucha kunaweza kulipiwa, kwa kawaida siku 61 zikipita tangu mara ya mwisho. Masharti yapo. Kwa kisukari, lazima daktari anayekitibu awe amekuona ndani ya miezi sita iliyopita, na daktari wa miguu aandike tarehe hiyo. Sasa unaelewa kwa nini nilikuambia uiandike. Nimeona bili ikikataliwa kwa sababu tu mzee aliruka miadi ya sukari akiwa Dallas kwenye harusi.

Mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi anaruhusiwa pia uchunguzi wa miguu kila miezi sita. Na wenye miguu iliyoharibika zaidi (waliowahi kukatwa kidole, kupata kidonda, au wenye umbo la wayo lililobadilika) wanalipiwa viatu maalumu: jozi moja ya viatu vyenye kina zaidi ndani na jozi tatu za nyayo za ndani kila mwaka wa kalenda. Anayethibitisha kwamba unavihitaji ni daktari anayetibu kisukari chako. Wengi wetu hatuviombi kwa sababu hatukujua vipo.

Gharama: mwaka 2026 unalipa kwanza dola 283 za Sehemu B kwa mwaka mzima, halafu Medicare inalipa asilimia 80 ya kiwango ilichokikubali, wewe asilimia 20. Kwa huduma ya dola 100, yako ni 20. Mzee wa kipato kidogo anaweza kuwa na Medicare na Medicaid kwa pamoja, na kuna mpango unaoitwa QMB ambao unamfutia hata hiyo 20. Mwenye QMB akitumiwa bili ya sehemu hiyo, aliyeituma amekosea kisheria. Uliza ofisi ya Medicaid ya jimbo kama mzee wako anastahili, kwa jina hilo hilo: QMB.

3. Anza kwa daktari wako wa kawaida.

Hatua hii watu wanairuka kwa sababu inaonekana kupoteza muda. Kampuni nyingi zinadai rufaa (referral), yaani daktari wako akutume kwa maandishi kwa daktari mwingine. Ukienda bila rufaa, kliniki itakuhudumia, kampuni itakataa kulipa. Daktari wa kawaida akikupa rufaa, mwombe mambo mawili: jina la tatizo liandikwe wazi (kidonda cha wayo cha mwenye kisukari, si "maumivu ya mguu"), na rufaa itumwe kwa daktari ambaye bima yako inampokea. Ofisi yake mara nyingi ina mtu wa rufaa ambaye anajua nani anapokea nini. Jina la mtu huyo liandike kwenye daftari kwa herufi kubwa.

4. Tengeneza orodha ya majina matano.

Usitafute kwenye Google peke yake. Ukiandika "podiatrist near me" utapata waliolipia matangazo. Pa kutafutia ni hapa:

- Orodha ya madaktari kwenye tovuti ya kampuni ya bima yako. Chagua mpango wako hasa. Kampuni moja inaweza kuwa na mipango kumi, na daktari yuko kwenye mmoja.
- Kwa Medicare ya kawaida, ukurasa wa Care Compare kwenye medicare.gov. Weka zip code, chagua podiatry. Unaweza pia kupiga 1-800-633-4227, saa yoyote, siku yoyote isipokuwa baadhi ya sikukuu za serikali, na uombe mkalimani.
- Vituo vya afya vya jamii vinavyofadhiliwa na serikali kuu. Vinapokea Medicaid na Medicare, na asiye na bima analipa kulingana na kipato. Baadhi vina daktari wa miguu anayekuja siku fulani za wiki. Tafuta kwa zip code kwenye findahealthcenter.hrsa.gov.
- Ukiishi karibu na chuo cha madaktari wa miguu, ulizia kliniki yake. Vipo vichache nchi nzima: Temple kule Philadelphia, Kent State huko Ohio, Des Moines University huko Iowa, Midwestern huko Glendale, Arizona, na vingine. Wanafunzi wanakutazama kwa makini hadi unachoka, lakini mwalimu yuko nyuma yao.

Majina matano, kwa sababu orodha za kampuni zimejaa waliohama, waliostaafu na wasiopokea tena. Kuna siku nilipiga simu saba kwa ajili ya mzee mmoja: namba mbili zilikuwa zimekufa, moja iliita duka la mazulia.

5. Piga kliniki na uulize kwa ncha kali.

Hapa ndipo watu wanapoteleza. Tazama mazungumzo haya, nimeyasikia mara nyingi:

"Mnapokea Medicaid?"
"Ndiyo, tunapokea."

Mpigaji anashukuru, anakata simu, anafurahi. Bado hajajua lolote. Sasa uliza hivi:

"Nina Medicaid, kampuni ni fulani, mpango ni fulani kama ulivyoandikwa kwenye kadi. Daktari fulani yuko kwenye mtandao huo?"
"Subiri nitazame... Yuko."
"Anapokea wagonjwa wapya wa mpango huu?"
"Wapya hapana, mpaka Machi."
"Kuna daktari mwingine hapo hapo anayepokea?"
"Yuko, ila kwenye tawi letu la pili."

Maswali matatu, majibu matatu tofauti. Daktari halazimishwi kupokea Medicaid, na anayepokea anaweza kuwa amejaa.

Kwa Medicare ya kawaida, swali ni hili: je, anakubali kiwango cha Medicare kama malipo kamili? Kwa lugha yao ni "accept assignment". Asiyekubali anaweza kukuongezea hadi asilimia 15 juu. Na kuna waliojitoa Medicare kabisa; kwao unalipa yote mfukoni. Watakupa mkataba usaini kabla ya kuanza. Usisaini karatasi usiyosomewa.

Kabla ya kukata simu omba namba ya NPI, yaani namba ya utambulisho ya daktari, tarakimu kumi. Si siri; ipo hadharani kwenye npiregistry.cms.hhs.gov kwa kila daktari.

6. Thibitisha upande wa pili.

Piga namba iliyo nyuma ya kadi. Mpe mhudumu ile NPI na anwani ya tawi unalokwenda, kwa sababu daktari mmoja anaweza kuwa ndani ya mtandao kwenye tawi moja na nje kwenye jingine. Uliza kama rufaa inahitajika, kama kibali cha awali (prior authorization, ruhusa ya bima kabla ya matibabu) kinahitajika, na kama rufaa yako imeshaingia kwenye mfumo. Andika jina lake. Dakika ishirini za muziki wa kusubiri, najua, lakini weka spika upike huku unasikiliza.

7. Agiza mkalimani na gari siku hiyo hiyo unayopanga miadi.

Mkalimani ni haki yako na ni bure, kwa sheria ya haki za kiraia ya 1964 na sheria ya bima ya 2010. Kliniki ndiyo inayomlipa. Ukipiga simu na Kiingereza hakitoki, sema "Swahili interpreter, please" na unyamaze. Usiseme zaidi, maana ukitoa sentensi mbili za Kiingereza wataamua unajua.

Kama Kiswahili chako ni cha Bukavu au Lubumbashi, omba Kiswahili cha Kongo. Ofisi nyingi za ukalimani zinakitenganisha. Na kama mzee anaelewa zaidi Kibembe, Kinyarwanda au Kizigua, omba hicho. Mzee wetu mmoja alikuwa anaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa mkalimani wa Kiswahili sanifu kwa heshima tu. Hakuwa ameelewa namna ya kufunga kidonda.

Usimtumie mtoto kutafsiri. Kanuni za serikali zinakataza kliniki kumtegemea mtoto isipokuwa dharura, na kusema kweli, mtoto wa miaka kumi na mmoja hapaswi kuwa wa kwanza kusikia kwamba bibi atakatwa kidole.

Medicaid pia inalipia usafiri wa kwenda kwa daktari kwa asiye na namna nyingine. Uliza huduma kwa wanachama namba ya usafiri. Wanataka taarifa siku kadhaa kabla, na dereva akichelewa usimngoje kimya. Piga namba ile ile waandike.

8. Siku yenyewe.

Fika dakika ishirini mapema. Nenda na viatu unavyovaa kila siku, si vile vya kanisani: daktari anasoma jinsi soli ilivyolika. Usipake mafuta mazito miguuni asubuhi hiyo. Akina mama wa pwani, kama kuna harusi karibu, hina ya kwenye kucha na nyayo isubiri, inaficha rangi ambayo daktari anataka kuiona.

Usijikate sugu kwa wembe usiku wa kuamkia miadi ili uonekane msafi. Usiloweke miguu kwenye maji ya moto na chumvi kama una ganzi. Maji ambayo wayo unayaona vuguvugu yanaweza kukubabua ngozi. Mjaribishe maji mtu mwingine.

Vua viatu vyote viwili na soksi zote mbili hata kama tatizo liko upande mmoja. Mwombe aangalie chini ya wayo na katikati ya vidole. Kama una mstari mweusi kwenye ukucha mmoja tu, mpya au unaopanuka, au doa jeusi kwenye wayo ambalo halikuwepo, mwonyeshe. Kwa watu weusi mistari kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida, lakini mmoja unaokua si wa kupuuza. Saratani iliyomuua Bob Marley mwaka 1981 ilianzia chini ya ukucha wa mguu.

Kabla ya kutoka, uliza: narudi lini, nani ananipigia, na je, unachopanga kufanya kinahitaji kibali cha bima?

Ikikwama

*Wote watano wamekataa.* Piga kampuni ya bima, useme huwezi kupata daktari wa miguu ndani ya mtandao, na uombe wakutafutie wao. Hiyo ni kazi yao. Wasipompata ndani ya mtandao, wanatakiwa kulipia aliye nje mpaka apatikane wa ndani. Tumia neno "malalamiko rasmi" kupitia mkalimani. Simu huhamishiwa kwa mtu mwingine haraka ajabu.

*Miadi ya karibu ni baada ya miezi miwili.* Ichukue, halafu omba uwekwe kwenye orodha ya wanaojaza nafasi za walioghairi. Kama ni kidonda cha mwenye kisukari, rudi kwa daktari wa kawaida apige simu yeye mwenyewe. Ofisi ikipigia ofisi, miezi miwili inakuwa siku nne. Au aulize kliniki ya vidonda ya hospitali.

*Nimeletewa bili na nina Medicaid.* Usilipe, usiitupe. Daktari aliyepokea Medicaid anatakiwa kukubali malipo yake kama yalivyo, na kukudai wewe ni ile ada ndogo ya jimbo tu, kama ipo. Piga kliniki, uliza walituma bili kwa kampuni gani. Mara nyingi walituma kwa kadi ya zamani.

*Bima imekataa kulipa.* Barua ya kukataa ina tarehe na ina muda wa kukata rufaa (appeal, yaani kupinga uamuzi huo). Kwa kampuni za Medicaid una siku 60 tangu tarehe ya barua. Kwa Medicare ya kawaida, siku 120 tangu uipokee. Mwambie daktari wa miguu aandike barua ya kueleza kwa nini huduma ilikuwa ya lazima. Kwa mambo ya Medicare kila jimbo lina washauri wa bure wanaoitwa SHIP, ambao hawauzi bima ya mtu yeyote.

*Wamesema hawana mkalimani, nije na wangu.* Waambie hapana, kwa upole. Mkalimani wa simu anapatikana kwa dakika chache. Wakishikilia, andika tarehe na jina, kisha peleka malalamiko kwa ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya afya ya Marekani. Fomu ni bure, na shirika lililokupokea ulipofika linaweza kukusaidia kuijaza.

*Mzee hataki kwenda, anasema kucha tu hizo.* Hili sina fomu yake. Mama yangu mdogo nilimpata kwa kumwambia kwamba daktari atampa viatu vya bure. Alienda kwa ajili ya viatu, wakakuta msumari mdogo wa kapeti kwenye wayo wa kushoto. Hakuwa anausikia.